Mistari ya Pamba ya Mzee Machibya

Kabla hamjamwambia mgonjwa yeyote ale mboga za majani kwa ajili ya macho yake, mwulizeni kwanza anazikaushia wapi. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi katika vyumba vya macho, pamoja na wengine wowote wenye macho. Mimi nimestaafu. Ushauri wangu hauna posho wala cheti, kwa hiyo mnaweza kuupokea bila kusaini popote.

Nilifanya kazi katika chumba cha macho cha hospitali moja hapa Bariadi hadi tarehe thelathini Juni, siku niliyopewa ndoo ya plastiki, kitenge na hotuba. Wenzangu wa rika langu wakisimulia husema "enzi zile". Mimi nilianza shule nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na mtu aliyejifunza kusoma kalenda akiwa mkubwa haachii tarehe ovyo. Marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi baiskeli Dutwa, aliwaambia waliomcheka kwamba baiskeli iliyochelewa kufungwa mnyororo nayo hufika. Alifariki nikiwa kidato cha pili cha masomo ya jioni. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa mjane, na nilifaulu nikiwa mjane. Naomba hilo lieleweke kabla hatujaendelea.

Kila asubuhi nilianza kwa kumsimamisha mgonjwa mbele ya ubao wa herufi E. Mnaufahamu: E kubwa juu, ndogo chini, nyingine zimegeukia kulia, nyingine kushoto, nyingine zimeinama, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Vitabu vinasema mgonjwa ataonyesha kwa mkono. Bibi mmoja wa Shishiyu hakuwa amesoma vitabu hivyo.

"Hii inaelekea wapi, bibi?"

"Lamadi."

"Na hii?"

"Imegeuka. Inakwenda mbugani kwa simba."

"Na hii iliyotazama chini?"

"Huko waliko wazee wetu."

Nilitoka nje, nikalitazama jua, nikarudi. Ubao wetu ulitundikwa ukuta wa kaskazini. Kushoto ni magharibi, iliko Lamadi. Kulia ni mashariki, uliko Serengeti. Kuhusu wazee wetu sikuwa na njia ya kuhakikisha, lakini nilimpa alama zote. Mgonjwa anayejibu sawasawa kwa ramani yake asisahihishwe kwa ramani yenu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Tabibu Mushi, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mpole, mwenye kuamini kwamba ndizi ni chakula. Wiki yake ya kwanza Bariadi mgonjwa mmoja alimletea mfuko wa nsansa kwa shukrani. Nsansa, kwa wale mliozaliwa karibu na friji, ni majani ya kunde yaliyokaushwa ili yaliwe kiangazi, wakati bustani zimebaki vumbi. Tabibu Mushi aliyatazama, akayanusa, akayatia kwenye chai pamoja na sukari. Alikunywa kikombe kizima kwa heshima ya mgonjwa, kisha akaniuliza kama Wasukuma wote hunywa chai ya namna hiyo. Nilimjibu kwamba wengi wetu hatujafikia kiwango chake.

Lakini kwa habari ya jicho, hakuna aliyempita. Siku moja aliingia na jani la kunde lililozeeka, nusu kijani, nusu manjano, akaliweka mezani.

"Manjano haya yametoka wapi, Mama?"

"Jani limezeeka."

"Hapana. Yalikuwemo tangu jani likiwa changa. Kijani kilikuwa kimeyafunika. Kijani kimeondoka, mwenye nyumba ameonekana."

Ndipo akanieleza jambo ambalo nimelirudia kwa wagonjwa hadi nikastaafu. Nyuma kabisa ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, iitwayo retina. Katikati ya retina kuna doa dogo la manjano, na kwa doa hilo mtu husoma, hutunga uzi kwenye sindano na kutambua uso wa anayemsalimu. Manjano ya doa hilo hutengenezwa na rangi mbili, luteini na zeaksanthini. Mwili wetu hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima uzile. Zimo kwa wingi katika majani ya kijani kilichokolea: kunde, mgagani, matembele, mchicha. Zimo pia katika mahindi ya njano na kiini cha yai. Zikifika jichoni hulikinga doa lile dhidi ya mwanga mkali, kama ukingo wa kofia unavyokinga uso. Karoti, ambayo kila mtu aliyesikiliza redio huitaja, ni nzuri kwa jambo jingine: vitamini A, inayomsaidia mtu kuona gizani. Majani haya tunayo mpaka tunayakanyaga, wakati mtu wa Meatu anasafiri hadi mjini kutafuta karoti.

Sasa niwaeleze habari za Mzee Machibya.

Aliingia Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, akiwa na kofia mkononi na kiko mfukoni.

"Mwangaluka, bhabha," nilimwamkia, kama tunavyowaamkia wenye umri wa baba zetu.

"Mwangaluka, mayu," alijibu, akiniita mama. "Sikuja kwa ajili ya macho. Nimeletwa."

Aliyemleta alikuwa mwanawe, Masunga. Nje, kwenye benchi, aliketi mke wa Masunga, Nkwimba, akiwa ameupa mlango mgongo. Kwetu mwanamke hamkabili baba mkwe wake uso kwa uso, sembuse kumwambia kwamba amekosea. Na jambo lililowaleta hospitali lilikuwa kwamba baba mkwe amekosea.

Msimu ule, katika shamba lao la Dutwa, kazi ya kuvuta kamba ya kupandia pamba alikuwa nayo Nkwimba. Kamba hufungwa kwenye vigingi viwili, huvutwa mpaka inalia, mbegu hufuata mafundo. Pamba ilipochipua, Mzee Machibya alisimama kichwani mwa shamba, akafumba jicho la kulia, akakagua mistari kwa la kushoto, kama seremala anavyokagua ubao na kama baba yake alivyomfundisha. Mistari yote ilikuwa imepinda katikati. Akaamuru pamba ing'olewe. Nkwimba akavuta kamba upya. Ikachipua, mzee akafumba jicho, ikapinda. Masunga aliposema yeye anaiona imenyooka, aliambiwa anamtetea mkewe. Mzee alikuwa ametamka kwamba ikipinda mara ya tatu, mwanamke huyo atarudi kwao Lingeka pamoja na kamba yake.

Nilimpa karatasi ya miraba. Ni karatasi nyepesi yenye mistari ya kusimama na ya kulala, na nukta moja katikati. Nikamfunika jicho la kulia.

"Tazama nukta, bhabha. Mistari ikoje?"

"Imepinda."

"Wapi?"

"Hapa katikati. Kama mtu ameikalia. Nani aliichora?"

"Mashine."

"Basi hata mashine imelewa."

Masunga alikohoa. Nikalihamishia kifuniko jicho la kushoto. Mzee alitazama kwa la kulia.

"Umebadilisha karatasi."

"Sijaigusa."

"Masunga, hajaibadilisha?"

"Hajaigusa, baba."

Aliishika mwenyewe. Akafumba hili, akafumbua, akafumba lile. Nje, Nkwimba alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua wakati umekuwa upande wake.

Tabibu Mushi alimpima kwa taa yake na hakumficha neno. Doa la katikati ya jicho la kushoto lilikuwa limechakaa, na kilichopotea hakirudi. La kulia lilikuwa bado zima, lakini nyuma yake kulianza kuonekana chembe zilizopauka, kama mchanga. Huenda likamfuata mwenzake.

"Ugonjwa huu hauumi, Mzee," alisema Tabibu. "Unakula katikati, unakuachia pembeni. Utauona mlango. Anayeingia hutamwona."

"Dawa?"

"Kwa aina yako, ambayo ni kavu, hapa sina. Ipo nyingine yenye majimaji, hiyo hudungwa sindano katika hospitali kubwa. Siku utakayoona mistari imepinda kwa jicho la kulia, usingoje kesho. Kwa sasa tunalinda. Acha kiko. Vaa hiyo kofia badala ya kuibeba. Na kula majani ya kijani kila siku."

"Majani ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe wako wanaona?"

"Wanaona vizuri."

Tabibu Mushi akafunga faili.

Kiko hakukiacha siku ile. Alikiacha Kwaresima ilipoanza, akatangaza kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya Mungu, ili isije ikadhaniwa amemtii tabibu. Pasaka ilipofika hakukirudia, na hakuna aliyemuuliza. Mgonjwa akitii, msimwulize sababu. Anaweza kuitafakari akaghairi. Habari ya kumrudisha Nkwimba Lingeka nayo haikutajwa tena. Lakini kamba mzee aliihamishia kwa Masunga, kwa kuwa mtu wa umri wake hawezi kuamka asubuhi na kukuta amekosea bila kubadilisha kitu chochote. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila msimu Masunga alivuta kamba, na Nkwimba akaja nyuma yake kuisahihisha wakati baba mkwe akinywa uji.

Mwezi Agosti tulikwenda Dutwa kwa huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa vijijini, tukapita nyumbani kwake.

"Nakula nsansa mchana na jioni," alitwambia. "Hata ng'ombe wameanza kunionea huruma."

Tulifurahi mpaka tulipofika jikoni. Nsansa katika chungu cha Nkwimba ilikuwa na rangi ya mfuko wa simenti. Tabibu Mushi aliisugua kati ya vidole.

"Hii imekauka wapi?"

Nkwimba alituonyesha jabali nyuma ya nyumba, pana, jeusi, lenye joto la kukaangia yai. Hapo ndipo mama mkwe wake alipoanika, na aliyemtangulia, na wote wakawa watu wa kuheshimika.

"Jua hili hula ile rangi tunayoitafuta," Tabibu alimwambia. "Anikeni kivulini, kwenye upepo."

"Nsansa isiyoona jua ni majani yaliyooza, tabibu," alijibu Nkwimba. Mbele ya mkwewe alikuwa bubu. Jikoni kwake hakuwa hivyo. "Ninyi huko kwenu mnakausha nini?"

"Ndizi."

"Kwa jua au kwa kivuli?"

Tabibu Mushi alinitazama mimi. Nikauliza kuhusu kitenge.

"Ukikianika juani kiangazi chote kinakuwaje?"

"Kinapauka."

"Na hicho hakuna anayekila."

Alifikiri, akageuza mwiko mara kadhaa. Kisha akasema mahali penye kivuli na upepo kwa wakati mmoja ni pamoja tu pale kwao: banda la pamba. Lilijengwa kwa fito zilizoachana ili pamba ipumue, na wakati wa masika, kunde zinapojaa majani, linakuwa tupu, kwa sababu pamba ya zamani imeuzwa na mpya bado ina maua. Tatizo ni kwamba banda la pamba ni la mzee. Mwanamke huingia humo akiwa amebeba pamba, hutoka. Na yeye Nkwimba hawezi kumwomba.

Nilikwenda kumwomba mimi.

"Bhabha, tunaomba banda la pamba litumike masika."

"Kwa kazi gani?"

"Kukaushia nsansa yako."

"Banda la pamba."

"Liko tupu wakati huo."

"Kitanda cha marehemu mumeo nacho kiko tupu. Nikuletee mgeni?"

Nilimwambia kwamba mume wangu angempokea mgeni huyo vizuri kuliko yeye anavyoipokea mboga. Mzee Machibya alicheka mpaka akavaa kofia. Akauliza kama pamba haitanuka mboga. Nikamjibu kwamba mnunuzi wa pamba hupima, hanusi. Akakubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayegusa mizani yake.

Masika yaliyofuata Nkwimba alifanya hivi, nanyi mfanye hivi. Majani yachumwe yakiwa yamekolea, yaoshwe, yachovywe kidogo kwenye maji yanayochemka na kutolewa mara moja. Yatandazwe chanjani kwa utandu mwembamba, yageuzwe asubuhi na jioni. Yakirundikwa yataota ukungu, na nsansa yenye ukungu hutupwa. Haikwanguliwi, haioshwi, haipewi jirani. Yakikauka yatunzwe kwenye chungu au debe lenye mfuniko, si kwenye mfuko mweupe uliotundikwa dirishani kama pambo. Na wakati wa kupika, karanga zilizotwangwa zisikosekane. Rangi zile ni kama wageni wa heshima: hazivuki kizingiti cha mwili mpaka zisindikizwe na mafuta. Ukichemsha majani kwa maji na chumvi tu, utakuwa umekula mboga, lakini jicho halitapata habari kamili.

Nsansa ile ilitoka bandani ikiwa kijani. Wanawake wa jirani walikuja kuitazama kama wanavyotazama mtoto wa kwanza. Mmoja alisema haijaiva. Mwingine akaomba ya kuonjea, akaondoka na bakuli zima.

Hapa sharti niseme neno lisilopendeza, kwa sababu nimeona matokeo yake. Mnadani kuna watu wenye vipaza sauti wanaouza unga wa mlonge, wakidai unarudisha macho yaliyokufa. Mlonge ni mti mzuri na majani yake ni chakula. Lakini mama mmoja aliacha matone yake ya presha ya macho, akanywa unga ule kwa imani yote, akaletwa kwetu akiwa ameshikwa mkono. Hatukuweza kumrudishia kitu. Majani hulinda kilichopo. Hayafufui, hayachukui nafasi ya dawa, na mtu akiwaambia vinginevyo mwombeni asome ubao wa E kwa niaba ya wateja wake. Mimi mwenyewe siwezi kuapa kwamba nsansa ndiyo iliyolishikilia jicho la Mzee Machibya. Huenda ni kiko. Huenda ni kofia. Hatukuwa na mashine ya kuligawa jibu.

Ninachoweza kuapa ni kile nilichokiona. Karatasi ya miraba tuliyompa aipeleke nyumbani ililiwa na mbuzi, naye akasema haina neno, anayo kubwa zaidi. Kila msimu pamba ilipochipua alisimama kichwani mwa shamba, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama mistari kwa la kulia. Ikiwa imenyooka, alikwenda kunywa uji. Misimu ikapita, na mistari ikanyooka.

Kisha Jumatatu moja, tarehe ishirini na tatu Desemba, nilimkuta mlangoni kabla sijafungua. Alikuja peke yake, kwa basi la kwanza. Kofia ilikuwa kichwani, lakini mikono yake ilikuwa bado inaitafuta.

"Mwangaluka, bhabha. Kuna nini?"

"Limefuata, mayu."

"Nini kimefuata?"

"La kulia. Jana nimetazama shamba. Yote imepinda. Yote, toka mwanzo hadi mwisho. Tabibu alisema nisingoje kesho. Sikungoja."

Nilimketisha, nikamfunika jicho la kushoto, nikamshikisha karatasi ya miraba. Aliitazama nukta kwa muda mrefu, nami nikatazama viatu vyake, vilivyokuwa na udongo wa shambani.

"Mistari ikoje?"

"Imenyooka."

"Tazama tena."

"Imenyooka. Nipe nyingine. Hii ni ya zamani, labda imejizoeza."

Nilimpa nyingine. Ilinyooka. Tabibu Mushi alifika, akavua koti, akampima kwa taa pande zote. Chembe zilikuwa zilezile, hazijaongezeka. Tukatazamana. Nikamgeukia mzee.

"Bhabha, mwaka huu nani alivuta kamba?"

"Masunga. Tangu siku ile ni yeye."

"Na Nkwimba yuko wapi?"

"Kwao Lingeka. Amekwenda kujifungua tangu mwezi uliopita."

Tabibu Mushi aliandika katika faili kwamba jicho la kulia halijabadilika. Kuhusu shamba hakuandika kitu, kwa kuwa si idara yetu.

"Unataka kusema," alisema Mzee Machibya polepole, "mistari imepinda kweli?"

"Imepinda kweli, bhabha."

"Shambani? Yenyewe?"

"Yenyewe."

Alivua kofia, akaishika kifuani. "Mungu ashukuriwe," alisema. Katika maisha yangu yote ya kuzaliwa na kuolewa katika nchi ya pamba, sijamwona mkulima mwingine aliyemshukuru Mungu kwa shamba lililopinda.

Kisha akaniomba nimpigie Masunga simu. Nilipiga, nikamshikisha.

"Masunga. Pamba usiing'oe. Iache hivyohivyo, nataka kuitazama." Akasikiliza kidogo. "Hapana, sijalewa. Wewe ndiye uliyekuwa umelewa. Na mkwe wangu akirudi kutoka Lingeka, mrudishie kamba yake."